Pudini za Yorkshire na oveni iliyonidanganya miezi minne

Jumapili ile nilitoa trei mbele ya watu sita, na ndani yake mlikuwa na vitu 12 vilivyolala bapa kama ndara zilizosahauliwa mlangoni. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa karibu kabisa na jiko. Akachukua kimoja, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kikabonyea, kikabaki vile vile. Akakirudisha polepole.

"Haidhuru," akasema. "Mchuzi utakifunika."

Aliyewahi kukaa na watu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, anajua kwamba hilo ni tusi zito. Hawa si watu wa kupayuka. Mama mkwe amezaliwa na kukulia kijiji kimoja nje kidogo ya Skipton, na tangu nimuoe binti yake na kuhamia Leeds nimejifunza kupima hasira zake kwa uchache wa maneno. Maneno matatu ni afadhali uchapwe.

Nilijitakia mwenyewe. Chakula cha Jumapili alikuwa anapika yeye miaka yote. Goti lilipoanza kumsumbua nikajitia kimbelembele: "Mama, pumzika, mwezi huu nitapika mimi." Nyama nilijua kuoka. Viazi nilijua. Pudini nikaziona jambo la dakika mbili, kwani kuna nini pale? Unga, mayai, maziwa.

Kwa asiyezijua, jina la pudini linapotosha. Hakuna sukari hata chembe, wala hamira, wala beking pauda. Ni uji mwepesi, mzito kidogo kuliko wa chapati za maji, unaomiminwa ndani ya mafuta yenye moto mkali na kufungiwa kwenye oveni. Ikikubali, inapanda na kupita ukingo wa kikombe chake, kuta zinakuwa kavu kau na rangi ya kahawia, katikati panabaki shimo, na chini ya shimo pana ulaini kidogo kama wa kimanda. Shimo ndilo bakuli la mchuzi. Isipokubali, ndara.

Hizi kofia ndogo ndogo ni mtindo wa siku za karibuni. Zamani nyama ilichomwa ikining'inia mbele ya moto wa kuni, na chini yake liliwekwa sinia la kudaka mafuta yanayodondoka. Mtu akaona mafuta yale yasipotee bure, akamimina uji wa unga na mayai humo humo. Maelezo ya kupika kitu hicho yalichapishwa mwaka 1737, ila bila jina la Yorkshire. Mwaka 1747 Hannah Glasse akaiandika kwenye kitabu chake cha mapishi kwa jina hilo, na jina likaganda. Mama mkwe anasimulia kwamba nyumbani kwao ilikuwa moja kubwa ya mraba, inakatwa vipande, na inaletwa mezani kwanza, peke yake na mchuzi, kabla nyama haijaonekana. Watoto waliambiwa atakayekula pudini nyingi ndiye atakayepewa nyama nyingi. Hila tupu. Mtoto akishajaza tumbo kwa unga, nyama anaitazama tu, na wazazi wanapumua.

Basi, baada ya ile Jumapili ya ndara nikaingia vitani.

Nilianza kwa kulaumu vipimo, kama kila mtu anavyofanya. Nikaongeza mayai mpaka sita kwa unga ule ule, nikapata kimanda kilichovaa koti. Nikajaribu ule unga unaouzwa ukiwa umeshatiwa beking pauda, nikidhani nimegundua njia ya mkato. Zilitoka keki ndogo nene, laini, hazina shimo, hazina ukavu, na mchuzi ukaziloweka mpaka zikageuka uji kwa mara ya pili. Nikanunua trei ya silikoni, nyekundu, nzuri ya kupiga picha. Silikoni haishiki joto. Unapomimina, mafuta yanapoa pale pale, na pudini inakaa inatafakari badala ya kupanda. Trei ile sasa tunagandishia barafu.

Kuna siku nilitumia mafuta ya zeituni yale mazuri ya saladi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo. Moshi ulijaa nyumba, kengele ya moshi ikalia, mke wangu akapanda kiti na kuipepea kwa taulo huku akiniuliza kwa sauti ya upole kabisa kama kuna ubaya wowote wa kununua zile za dukani zilizogandishwa. Sikumjibu. Ni kweli zipo, na ni kweli haziangushi mtu. Lakini ilishakuwa suala la heshima.

Miezi minne. Naandika hapa bila aibu kwa sababu najua simo peke yangu.

Aliyenitoa gizani hakuwa mpishi. Alikuwa fundi aliyekuja kubadilisha taa ya oveni iliyoungua. Nilimsimulia kisa changu kwa mzaha wakati anakusanya vifaa vyake, naye akacheka, halafu akatoa kipimajoto kidogo kwenye begi, akakitundika kwenye waya wa kati, akaniambia niwashe 220. Tukanywa chai. Kataa kadogo kekundu kwenye oveni kalizimika, ishara kwamba joto limefika. Akafungua. Kipimajoto kilisoma 190.

Nyuzi 30 zimeliwa njiani! Muda wote nilikuwa nachoma pudini za Yorkshire kwenye joto la kuokea keki ya sponji, huku namwaga lawama kwa mayai.

Siku hiyo hiyo nikanunua kipimajoto cha oveni, kile cha mshale kisicho na betri, pauni 6. Sijawahi kununua kitu cha jikoni chenye faida kuliko hicho. Nikizungusha kitufe mpaka 250, ndani napata 220 na ushee, na napuuza kataa kekundu kabisa, nangoja mshale. Inachukua karibu nusu saa. Kama pudini zako zinalala na hujui joto halisi la oveni yako, acha kwanza kuhesabu mayai.

Sababu ya moto kuwa bwana wa mambo yote hapa ni hii: hakuna kitu kingine kinachoziinua. Kwenye mkate kuna hamira, kwenye keki kuna beking pauda. Hapa kuna mvuke tu. Maji yaliyomo kwenye maziwa na mayai yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke huo unatafuta pa kutokea. Uji unaogusa mafuta ya moto unaganda pembeni papo hapo, unapata ukuta na kuanza kuukwea, wakati katikati bado ni majimaji. Ute wa mayai pamoja na ule mnato wa unga wa ngano ndio unaoufanya uji uvutike kama puto bila kupasuka. Kisha kuta zinakauka, zinasimama zenyewe. Moto ukiwa hafifu, uji unaiva taratibu kabla mvuke haujapata nguvu, na mchezo umekwisha.

Na hapo hapo utaona kwa nini watu wanakatazwa kufungua mlango wa oveni. Kuta zikiwa bado mbichi, ndani ni mvuke tu unaozishikilia. Hewa baridi ikiingia, mvuke unanywea, zinadondoka, na haziinuki tena hata ukizililia. Mimi dakika 20 za kwanza sifungui hata nyumba ikiungua. Natazama kupitia kioo. Ile taa ya fundi ilikuwa na kazi yake.

Sasa namna ninavyofanya. Sitoi gramu, maana nimezoea kipimo cha mama mkwe, nacho hakijawahi kuniangusha: ujazo sawa wa vitu vitatu. Navunja mayai manne kwenye glasi, naangalia yalipofika, kama mililita 200. Nayamwaga bakulini, kisha glasi hiyo hiyo, ikishakaushwa, napima unga wa ngano wa kawaida mpaka alama ile ile. Halafu maziwa mpaka alama ile ile, ila robo yake naweka maji. Hilo la maji nimelifikia mwenyewe. Maziwa yanaleta rangi na ladha, lakini pia yanailainisha. Maji kidogo yanafanya kuta ziwe nyepesi na kavu zaidi. Chumvi, nusu kijiko cha chai.

Mayai na unga kwanza, bila maziwa. Napiga kwa mchapo wa waya mpaka pawe laini bila donge hata moja, kwa sababu uji mzito unasaga madonge na uji mwepesi unayakimbiza tu huku na huku. Ndipo naongeza maziwa kidogo kidogo. Ukimaliza uwe kama malai: unafunika mgongo wa kijiko, lakini unadondoka bila kubembelezwa. Nauhamishia kwenye jagi, nafunika, naweka kwenye friji.

Kuupumzisha ni lazima au si lazima? Kuna ugomvi mkubwa hapa na sitaumaliza. Nilijaribu siku moja, nusu ya vikombe uji wa jana yake na nusu uji uliopigwa muda ule ule. Zote zilipanda. Za uji uliolala zilipanda sawasawa zaidi, rangi yake ilikolea, na ladha yake ilikuwa ya unga ulioiva kweli. Zile nyingine zilikwenda upande, moja ikawa na umbo la sikio. Kwa hiyo nikikumbuka napiga usiku wa Jumamosi. Nikisahau, nusu saa inatosha na sijilaumu. Uji wa baridi au wenye joto la chumbani, nimejaribu vyote viwili na sioni tofauti ya kumkosesha mtu usingizi.

Mafuta. Ya asili ni shahamu ya ng'ombe, inauzwa madukani kama kipande cheupe kilichoganda mfano wa siagi, na ladha yake haina mshindani. Soma vizuri maandishi ya pakiti, kwa sababu jirani yake kwenye rafu ni mafuta ya nguruwe na vipande hivyo vinafanana kama pacha. Kama hutumii ya wanyama, mafuta ya alizeti yanafaa kabisa. Siagi isijaribiwe, inaungua mapema. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha trei, wala usiwe mchoyo wala usizamishe.

Trei iwe ya chuma, nyeusi ikiwezekana, yenye vikombe 12 vyenye kina. Yangu imekuwa nyeusi kwa uzee na siioshi kwa sabuni. Naipangusa kwa karatasi ikiwa bado na joto. Mgeni mmoja alijitolea kunisaidia vyombo, akaisugua kwa waya mpaka ikang'aa. Nilimshukuru. Wiki iliyofuata pudini zote 12 ziling'ang'ania kama zimepigwa misumari.

Trei na mafuta yake inaingia kwenye oveni iliyokwisha fika 220, ikae dakika 10 hadi 12, mpaka moshi mwembamba uanze kuonekana juu ya vikombe. Mwembamba, sawa na wa kijiti cha ubani kinachokaribia kuisha. Sehemu inayofuata nilimuona mama mkwe akiifanya mara moja, na ndiyo iliyonifundisha zaidi ya maelezo yote.

Alikuwa amewasha jiko la gesi juu, moto wa wastani, kabla hata ya kutoa trei. Akafungua oveni, akatoa trei, akaifunga oveni kwa goti lile lile bovu, na kuiweka trei juu ya moto wa gesi, si juu ya meza. Mafuta hayakupata nafasi ya kupoa. Akashika jagi kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa na glavu unaizungusha trei. Akamimina bila kusita, kikombe hadi kikombe, chini kidogo ya nusu. Kila kikombe kilitoa sauti yake, chwaa, chwaa, na uji ukakunjika pembeni mara ulipogusa, ukafanya ukingo mweupe kama wa yai la kukaanga. Alipofika cha kumi na mbili, cha kwanza kilikuwa kimeshaanza kuvimba. Oveni, mlango, kimya. Sidhani kama zilipita sekunde 30.

"Ukisikia kimya, anza upya," akaniambia.

Yaani ukimimina na usisikie mafuta yakilia, rudisha trei yapate moto tena, usiendelee kwa matumaini. Mimi kabla ya hapo nilikuwa naweka trei juu ya meza ya mawe, natafuta jagi, najaza kwa kijiko kimoja kimoja kama mtu anayegawa dawa. Tahadhari moja: uji ni majimaji na mafuta yale ni moto wa hatari, yanaruka. Mikono mirefu ya shati, watoto nje ya jiko, na vikombe visiwe na tone la maji kabla ya kutia mafuta.

Dakika 20 kwa moto huo huo. Halafu nashusha mpaka kama 190, na kwa mara ya kwanza nafungua mlango, nachoma kila moja tundu dogo ubavuni kwa ncha ya kisu ili mvuke utoke, nazirudisha dakika 5 nyingine. Hapa ndipo ukavu unapopatikana. Pudini nyingi huumuka vizuri sana ndani ya oveni kisha zinanywea mezani, na kisa chake ni kutolewa mapema kwa kuogopa rangi. Kahawia ya dhahabu haitoshi. Nataka kahawia ya ganda la mkate. Igonge kwa ukucha, ikulie kama kibuyu. Na ukizitoa usizirundike kwenye bakuli na kuzifunika kitambaa ili zisipoe. Zitatoa jasho, na kazi yote imekwenda na maji.

Kama oveni yako ina feni, utaona nyingine zinaegemea upande mmoja kama watu wanaotembea kwenye upepo. Hilo ni la kawaida, geuza shimo juu, jaza mchuzi. Zikibaki, jambo ambalo nyumbani kwangu hutokea mara chache, zigandishe zikishapoa, na siku ukizihitaji zipe dakika 4 au 5 kwenye oveni ya 200. Zinarudi ukavu wake. Kwenye maikrowevu zinageuka mpira. Uji ule ule pia naumimina kwenye bakuli pana la chuma lenye soseji zilizoiva nusu, na hiyo wanaiita chura ndani ya shimo, usiniulize sababu. Natumia soseji za ng'ombe, vitunguu vingi kwenye mchuzi, na mtoto wangu wa kwanza anaila kuliko keki ya siku yake ya kuzaliwa.

Mke wangu ndiye aliyenionyesha kwamba mwaka 2008 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza kwamba pudini ya Yorkshire isiyofika inchi 4 kwenda juu si pudini ya Yorkshire. Inchi 4 ni sentimita 10. Alinisomea hilo akiwa na rula mkononi, katika wiki zile mbaya, nadhani kwa nia njema. Zangu zilikuwa na sentimita mbili.

Jumapili iliyopita mama mkwe alikuja, goti limepata nafuu kidogo. Nikampa kiti chake kile kile karibu na jiko. Gesi ilikuwa inawaka, jagi lipo, mafuta yalilia kikombe kwa kikombe, nami sikuthubutu kumtazama usoni. Dakika 25 baadaye nikatoa trei. Moja ilikuwa imeinamia jirani yake. Nyingine 11 zilisimama. Binti yangu akakimbilia rula: sentimita 9 na nusu, ile ndefu kuliko zote.

Mama mkwe akachukua moja, akaigonga kwa ukucha. Akaivunja, ikalia. Akaijaza mchuzi, akala yote bila kuongea, akapangusa vidole.

"Mayai mangapi?"

"Manne, Mama."

"Mimi huweka matatu," akasema, na mkono wake ukarudi kwenye trei.